Shika Upande Ule

Jumamosi, Valparaíso. Upepo wa bahari
unapanda ngazi pamoja nasi, wenyewe hauhemi.
Tuko kumi na mmoja, ukimhesabu mbwa,
na Nolfa anamhesabu: jina lake, Tornillo,
limo katika daftari la shule lenye jalada la buluu,
kwa sababu huyu, anasema, hajakosa hata wiki moja.
Si kama baadhi ya watu.

Baadhi ya watu ni mimi.
Miaka miwili nimewachungulia kwenye pazia,
napuliza chai, nasema moyoni:
hawa hawana kazi.
Leo nimeshuka. Labda ni ule moto wa kiangazi
ulioshika matairi kule korongoni
ukapanda mbio kama mtu aliyesahau chungu jikoni,
ukala nyumba tatu za mabati,
ukafika kwenye ukuta wangu, ukaghairi.

Glavu ni za mpira, za kuoshea vyombo.
Zimebaki mbili, zote za mkono wa kulia.
Nimepewa hizo.

Chini ya ngazi ya tisini na sita hakuna mtaa,
mleta barua hafiki.
Huko ndiko mji unakoweka
unachotaka kusahau.

Baltazar, fundi viatu mstaafu, anaokota viatu tu.
“Kila mtu na fani yake,”
anakipindua kimoja, anakagua soli,
anatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa.
Yerko, kijana asiyejua kusalimia,
anabeba vya watu watatu.

Nolfa anaandika:
Mlango wa friji, mmoja.
Chupa, magunia saba.
Beseni la mtoto, zima (Ismenia amelichukua).
Televisheni, ndani yake kiota. Irudishwe.
Neno la mwisho amelipigia mstari.

Kisha Yerko akaita kutoka chini.
Tukavuta kamba, sita sita, tukiteleza.
Kikapanda taratibu, kimevimba
kwa mvua za majira mawili:
godoro, maua ya zambarau,
na kwenye kona, tundu la sigara.

Tundu lile nalijua.
Nililigombea na baba mwezi mzima.
“Utatuunguza,” nilimwambia. Akacheka, akakohoa,
akafa kwa kitu kingine kabisa.
Gari la manispaa lilitaka fomu,
fomu ikataka saini,
saini ikataka siku nzima ya kazi.
Basi saa nane usiku nikaliburuta, ngazi kwa ngazi,
nikalisukuma.
Halikulia. Magodoro hayalii.
Nikarudi ndani, nikanawa mikono mara tatu.

Sasa liko miguuni pangu, linatiririka.
Nolfa hakuinua uso.
Dirisha lake linatazama ngazi hizi,
na halijawahi kuwa na pazia.
Kalamu ilisimama. Nikangoja
aniandike.

“Shika upande ule,” akasema.
“Limenywa maji. Angalia mgongo.”

Nikashika. Mimi mbele, Yerko nyuma,
baba katikati.
Tulipumzika kila ngazi kumi.
Mbwa alitusubiri kila mahali
kwa uso wa mtu anayelipwa kwa saa.
Juu, barabarani, lori lilikuwa limewasha injini.
Hakuna aliyeuliza fomu.

Baadaye nilichungulia daftari:
Godoro, moja.
Basi. Hata nukta hakuweka.

Jumamosi iliyofuata, palepale,
mfuko mpya wa nepi,
umefungwa fundo zuri, fundo la mtu nadhifu.
Baltazar akatukana kwa adabu.
Mimi nikainua macho madirishani,
moja baada ya jingine,
hadi pazia moja, la kijani, likatikisika.

Sikusema neno.
Nikavaa glavu zangu mbili za kulia.
Tornillo alikuwa ameshashuka.